Unga wa almasi badala ya masizi ya kaboni kwenye seli za haidrojeni: unafaa kweli?

Apio_Kla

Wakuu, habari za kazi. Nina swali kwa wanaozijua seli za haidrojeni za utando, zile zinazozalisha umeme kwa haidrojeni na oksijeni ya hewa.

Elektrodi tunazipaka wenyewe hapa Kampala, sentimita 5 kwa 5, utando wa Nafion (plastiki inayopitisha protoni), platinamu asilimia 20 juu ya masizi ya kaboni aina ya Vulcan XC-72. Kazi yake ni umeme wa akiba: gridi ikikatika seli inawashwa, umeme ukirudi inazimwa. Ikiwa mpya, kila seli inakaa kwenye volti 0.65 bila shida. Baada ya kuwashwa na kuzimwa mara 300 hivi volti zinashuka, na ukidai mkondo mkubwa kathodi (upande wa oksijeni) inafurika maji. Ukikata kipande na kukitazama kwa hadubini ya elektroni, tabaka la kathodi limekonda.

Nasoma kwamba almasi iliyotiwa boroni inapitisha umeme na hailiwi na asidi wala volti za juu. Naomba kujua: ninunue unga wa ukubwa gani? Ule unga mweusi wa almasi wa kung'arishia vyuma unaweza kufaa nikiutia platinamu? Na nitaupimaje kabla sijamwaga pesa?

Fundi_Jinja

Dada Apio, hiyo ni kaboni inaliwa. Tabaka kukonda kunatosha kuwa ushahidi.

Kaboni ikikutana na maji kwenye elektrodi huweza kugeuka kaboni dioksaidi: C + 2H₂O → CO₂ + 4H⁺ + 4e⁻. Kwa hesabu za kemia jambo hilo linaruhusiwa kuanzia volti 0.207 tu, maana yake kathodi yako iko hatarini saa zote. Kinachotuokoa ni kwamba kwenye volti 0.6 au 0.7 mwendo wake ni wa kinyonga. Balaa linakuja wakati wa kuwasha. Seli ikiwa imelala, hewa inapenya mpaka kwenye anodi, yaani upande wa haidrojeni. Ukifungua haidrojeni, kwa muda mfupi sehemu moja ya anodi ina haidrojeni na nyingine bado ina hewa. Ile yenye haidrojeni inafanya kazi kama betri na kuisukuma ile yenye hewa, na kathodi iliyo mkabala na sehemu ya hewa inapanda hadi volti 1.4 au 1.5. Masizi hayawezi kustahimili hapo. Platinamu iliyokuwa juu yake inabanduka au inashikana mabonge, vitundu vinaporomoka, na uso wa kaboni uliobaki unashika oksijeni na kuanza kupenda maji. Ndiyo mafuriko unayoyaona.

Umeme ukikatika mara 2 kwa siku, unawasha mara 730 kwa mwaka. Kwa hiyo kabla hujagusa almasi, rekebisha uwashaji. Haidrojeni iingie kwa kasi ili ule mpaka wa hewa na gesi upite anodi yote kwa sehemu ya sekunde, si kwa sekunde kumi. Ukizima, funga hewa kwanza, weka rezista kwenye kila seli ile oksijeni iliyobaki kathodini iishe, na uache anodi na haidrojeni yenye shinikizo dogo badala ya kuiacha ivute hewa. Kama una naitrojeni ya kusafishia, vizuri zaidi, ila kwenye mnara wa simu huko Karamoja sioni nani atabeba mtungi wa pili.

Na pima volti ya kila seli peke yake. Seli moja ikikosa haidrojeni wakati wenzake wanaendelea, inageuka hasi, na hapo anodi yake inaliwa kwa dakika chache. Kikatio kiwe kimezima mzigo kabla haijafika sifuri.

KemiaMbarara

Fundi amesema kweli, lakini hata ukifanya hayo yote kuna mipando ya volti itakayobaki, kwa hiyo swali la dada lina maana. Nitaanza na ukubwa wa chembe, kwa sababu wengi wanaojaribu almasi wanashindwa hapo, wanakwenda kulaumu platinamu.

Almasi ni nzito: gramu 3.51 kwa sentimita ya ujazo. Chembe ya almasi haina vitundu ndani kama masizi, kwa hiyo eneo la uso wake unalipata kwa hesabu moja, 6 gawanya kwa densiti mara kipenyo. Chembe za mikromita 10 zinakupa mita za mraba 0.17 kwa gramu. Za nanomita 500, mita 3.4. Za nanomita 100, mita 17. Vulcan ina takriban mita 250.

Sasa weka platinamu juu yake. Chembe za platinamu za nanomita 3 zina mita za mraba 93 kwa gramu. Ukitaka asilimia 20 kama ulivyozoea, kila gramu ya kibebeo (unga unaoshikilia platinamu) inabeba gramu 0.25 za platinamu, yaani mita za mraba 23 za platinamu. Kwenye Vulcan zinatawanyika juu ya mita 250, kila chembe ina kiwanja chake. Kwenye almasi ya nanomita 100 unataka kuweka mita 23 juu ya mita 17. Chembe zitabanana mno. Utapata ganda la platinamu lililoshikana, eneo lake dogo, halafu utasema almasi haifai.

Ukitaka msongamano ule ule wa chembe kama kwenye Vulcan, almasi ya nanomita 100 inabeba asilimia 1.7 tu. Tuseme unataka miligramu 0.1 za platinamu kwa sentimita ya mraba: utahitaji miligramu 5.9 za almasi, na kwa unga uliojaa asilimia 60 tabaka linakuwa mikromita 28. Masizi yangekupa mikromita 11 hivi. Inavumilika. Ukitaka miligramu 0.4, tabaka linapita mikromita 110, na oksijeni haitafika chini. Mimi ningeweka asilimia 4 au 5, nikubali chembe kukaribiana kidogo, na nisiende juu ya miligramu 0.15 kwa sentimita ya mraba.

Jambo la pili ni jinsi almasi inavyopitisha umeme. Almasi safi haipitishi. Boroni ikiingia mahali pa kaboni inaacha pengo la elektroni, ila pengo hilo limeshikwa kwa elektronivolti 0.37, na joto la kawaida la chumba lina 0.026 tu. Boroni kidogo inakupa almasi ya buluu inayopitisha vibaya. Unahitaji boroni iwe nyingi mpaka atomi zake zisaidiane, yaani kuanzia takriban atomi 3 × 10²⁰ kwa sentimita ya ujazo, ambayo ni boroni 1 kwa kila kaboni 600. Wanaotengeneza vizuri wanakwenda 10²¹.

Njia iliyozoeleka ni ile iliyofanyiwa kazi na kundi la Greg Swain, Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani: unachukua unga wa almasi wa kawaida usiopitisha umeme, unauvika ganda la almasi yenye boroni ndani ya plazima ya mikrowevu. Haidrojeni kwa wingi, methani kama asilimia 1 au chini, na gesi ya boroni kwa kiasi cha sehemu kwa milioni, joto la nyuzi 700 hadi 850. Kiini hakipitishi kitu, ganda linafanya kazi yote, na inatosha kwa sababu maganda yanagusana. Ila kuna gharama mbili. Chembe za juu zinavikwa, zilizo chini hazioni plazima, kwa hiyo lazima unga utolewe, ukorogwe, urudishwe, zaidi ya mara moja. Na ganda linanenepesha chembe: kiini cha nanomita 100 chenye ganda la nanomita 20 kinakuwa nanomita 140, eneo linashuka kutoka mita 17 hadi 12 kwa gramu, kabla hujahesabu chembe zilizoungana. Rekebisha zile asilimia zangu ipasavyo.

Gesi ya boroni ni diborani, sumu kali. Wako wanaotumia oksidi ya boroni iliyoyeyushwa ndani ya methanoli au asetoni badala yake. Bila mtambo na mtu aliyefunzwa, nunua unga uliokwisha kuvikwa, usijaribu kutengeneza.

Apio_Kla

Asante sana ssebo, hesabu ya mita 23 juu ya mita 17 imenifungua macho. Sasa kuna muuzaji ana almasi ya nanomita 5, anasema ni "almasi nano inayopitisha umeme", rangi nyeusi tii, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ile ya kuvikwa. Kwa hesabu yako nanomita 5 ni mita 340 kwa gramu. Si ndiyo jibu?

Chuma_na_Sumaku

Siyo. Polepole hapo.

Almasi ya nanomita 5 ni ile inayotokana na baruti. Eneo la uso kweli ni kubwa, lakini ikiwa haina boroni haipitishi umeme. Wanachofanya wauzaji ni kuichoma kwenye ombwe au gesi tulivu zaidi ya nyuzi 900 mpaka uso wake ugeuke grafiti, tabaka juu ya tabaka kama kitunguu. Hapo inapitisha kweli, mita itakuonyesha vizuri. Lakini kinachopitisha ni kaboni ya grafiti, ndugu yake masizi unayoyakimbia. Volti 1.4 itakula lile ganda na kukuachia kiini kisichopitisha kitu, na platinamu juu yake imekatiwa njia. Umenunua tatizo lile lile kwa jina la almasi.

Na ule unga mweusi wa kung'arishia vyuma, weusi wake mara nyingi hautokani na boroni. Almasi ya shinikizo kubwa huotea ndani ya chuma kilichoyeyuka, ikabaki na punje za feri, nikeli au kobalti. Sogeza sumaku kali chini ya karatasi yenye unga: ukitembea, ni chuma. Hiyo chuma si uchafu mdogo. Ayoni za feri zikikutana na peroksaidi ya haidrojeni inayozaliwa kwenye kathodi zinatoa vichembe vikali vinavyokatakata Nafion. Utando unatoboka, unatafuta kosa kwenye elektrodi. Asidi inaosha chuma cha nje, cha ndani ya chembe haikifikii mpaka chembe ivunjike.

Vipimo vitatu kabla ya kulipa, kwa sampuli ya gramu 1.

Cha kwanza ni hewa ya moto. Tandaza unga mwembamba kwenye kibakuli cha kauri, nyuzi 425 hewani kwa saa 5, na pima uzito kabla na baada. Kaboni isiyo almasi inaungua, almasi ya nanomita 100 inabaki. Unga mweusi ukirudi wa kijivu-nyeupe na umepungua sana, ulikuwa unauziwa masizi. Usipande zaidi ya 450 ukiwa na chembe ndogo kabisa, zile za nanomita 5 zenyewe zinaanza kuungua.

Cha pili, baada ya kuuchoma na si kabla, ni upitishaji umeme. Nasisitiza baada kwa sababu uso wa almasi wenye haidrojeni unapitisha umeme kidogo ukiwa kwenye hewa yenye unyevu hata kama hakuna boroni. Mita inaonyesha kilo-omu, mtu anafurahi, ukichoma inarudi OL, yaani ukinzani umepita uwezo wa mita. Mafundi wa Katwe hapo Kampala watakuchongea pistoni mbili za shaba nyeupe za kipenyo cha milimita 5 na bomba la Tefloni linalozibana. Weka miligramu 70 za unga katikati, bana kwenye jiliwa mpaka unga uwe na unene wa milimita 2. Weka vipande vya mbao ngumu kati ya pistoni na meno ya jiliwa, la sivyo umeme unazunguka kupitia jiliwa lenyewe na kila kitu kitaonekana kinapitisha vizuri ajabu. Unga wenye upitishaji wa simensi 1 kwa sentimita utakupa omu 1 hivi. Nyaya za mita peke yake zina nusu omu, kwa hiyo usitumie mita ya kawaida kwenye alama ya omu: pitisha miliampea 100 kwa nyaya mbili, soma volti kwa nyaya mbili nyingine zilizogusa pistoni. Milivolti 100 ni omu 1. Fanya hivyo hivyo na Vulcan yako, ndiyo kipimo cha kulinganishia. Unga wa almasi ukiwa dhaifu mara 5 kuliko Vulcan bado unatumika. Ukiwa dhaifu mara 1000, rudisha.

Cha tatu ni Raman, kipimo cha leza kinachotambua aina ya kaboni. Almasi ina ncha kali kwenye 1332. Boroni ikiwa nyingi ncha hiyo inapungua na kuegemea upande, na vinatokea vilima vipana karibu na 500 na 1220. Kilima karibu na 1580 ni grafiti. Muuzaji asiyeweza kukutumia mchoro wa Raman wa mzigo huo huo anaokuuzia, achana naye.

Mhandisi_Gulu

Kwa nini msitumie tu masizi yaliyochomwa mpaka yakawa grafiti, nyuzi 2,500 na kitu? Yanapatikana, wino ni ule ule, na yanavumilia zaidi ya Vulcan.

KemiaMbarara

Ni ushauri mzuri, na kwa minara ya simu ningeanza nayo. Yanaliwa polepole, ila yanaliwa. Almasi ina maana pale ambapo huwezi kudhibiti uwashaji. Oksidi ya bati yenye antimoni nayo ipo, lakini antimoni huyeyuka polepole kwenye asidi.

Dada Apio, nimalizie platinamu. Almasi ni laini usoni, haina vitundu vya kushikia, na platinamu huteleza juu yake. Uso wenye haidrojeni ni mbaya zaidi. Ule uchomaji wa nyuzi 425 alioutaja Chuma unafanya kazi mbili: unaondoa kaboni mbaya na kuacha oksijeni usoni, na platinamu inashika pale penye oksijeni. Kwa hiyo usiuruke hata kama Raman ni safi. Ila usizidishe, uso wenye oksijeni nyingi unaongeza ukinzani chembe zinapogusana.

Kwa asilimia 5 juu ya miligramu 100 za almasi unahitaji miligramu 5.3 za platinamu. Chumvi ya asidi ya kloroplatini yenye maji sita ni platinamu asilimia 37.7, kwa hiyo pima miligramu 14. Inanyonya unyevu haraka sana, na msimu wa mvua usipimie moja kwa moja kwenye mizani iliyo wazi. Tengeneza myeyusho mkubwa mara moja ndani ya ethilini glaikoli, hifadhi gizani, chota kwa pipeti.

Tia almasi kwenye mililita 50 za ethilini glaikoli, nusu saa kwenye beseni la ultrasoniki. Ongeza platinamu. Inua pH mpaka karibu 12 kwa sodiamu haidroksaidi iliyoyeyushwa ndani ya glaikoli hiyo hiyo. Pitisha naitrojeni, pasha hadi nyuzi 140, shikilia saa 3 ukikoroga. Rangi inatoka njano kwenda kahawia iliyoiva. Ikifika hapo watu wengi wanachuja na kushangaa maji yaliyochujwa ni ya kahawia: platinamu yao yote imepita. Kwenye pH 12 chembe zinaelea na kusukumana, hazishiki kibebeo. Acha ipoe, shusha pH hadi 2 au 3 kwa asidi ya naitriki iliyopunguzwa makali, koroga usiku kucha. Ndipo uchuje. Maji yakitoka meupe, platinamu imekaa. Osha mpaka tone la nitrati ya fedha lisilete wingu, kwa sababu kloridi inaisumbua platinamu na kuiharakisha kuyeyuka. Kausha nyuzi 80.

Kisha Nafion. Kwenye masizi unaweka kama gramu 0.8 za ionoma (hiyo Nafion yenyewe) kwa gramu 1 ya kaboni, yaani miligramu 3.2 kwa kila mita ya mraba. Kipimo hicho kwenye mita 17 kinakupa gramu 0.05 tu. Ukichukua kawaida ya 0.8 ukaihamishia kwenye almasi, unaifunika kwa blanketi la plastiki na oksijeni haipiti. Anza na 0.1, kwa sababu protoni nazo zinahitaji njia endelevu kwenye tabaka lililo nene.

Wino wenyewe unatulia chini kwa kasi kulingana na ukubwa. Chembe ya mikromita 10 inashuka sentimita 1 kwa dakika moja na kidogo. Mikromita 1, saa 2. Nanomita 100, siku kadhaa. Ukiona wino wako wa "nanomita 100" umetulia ndani ya dakika tano, chembe zimeungana, irudishe kwenye ultrasoniki.

Apio_Kla

Naandika kila kitu. Kupima uimara sasa: nitengeneze seli nzima au diski inayozunguka (elektrodi ndogo inayozungushwa ndani ya asidi) inatosha? Na mchoro wangu wa mkondo wa oksijeni kwenye Vulcan unagota miliampea 5.1 kwa sentimita ya mraba, mizunguko 1,600 kwa dakika, wakati machapisho yote yanasema 5.8 hadi 6. Nimebadilisha diski, nimebadilisha wino, haibadiliki.

Chuma_na_Sumaku

Diski yako ni nzima. Kampala iko karibu mita 1,190 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni kilopaskali 88 badala ya 101. Ukiondoa mvuke wa maji, oksijeni unayoyeyusha kwenye asidi ni asilimia 86 ya ile ya pwani. Zidisha 5.8 hadi 6 kwa 0.86, unapata 5.0 hadi 5.2. Andika shinikizo la siku hiyo kwenye daftari na usahihishe. Elektrodi ya rejeo (ya kulinganishia volti) ya haidrojeni nayo inasogea, lakini ni milivolti 2 tu, usiihangaikie.

Kwa kuchuja kati ya unga mzuri na mbaya diski inatosha. Seli nzima baadaye.

Asidi ya pakloriki ya molari 0.1, na maji yawe ya megaomu 18.2. Maji ya betri ya dukani yasikaribie chombo chako, hujui yana kloridi kiasi gani, na kloridi kidogo tu inaharibu mchoro wa platinamu. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie elektrodi ya rejeo ya fedha na kloridi ndani ya chombo kimoja, tumia ya haidrojeni. Diski ya milimita 5 ina sentimita za mraba 0.196, na platinamu iwe mikrogramu 20 kwa sentimita ya mraba. Kwa Vulcan ya asilimia 20 ni miligramu 10 ndani ya mililita 5, tone la mikrolita 10. Kwa almasi ya asilimia 5 unahitaji unga mara nne, na tone lazima likauke likiwa diski inazunguka polepole, mizunguko 500 hivi, la sivyo almasi inakusanyika ukingoni kama doa la chai.

Safisha kwa mizunguko ya volti 0.05 hadi 1.2 mpaka mchoro utulie, pima chaji ya haidrojeni, gawanya kwa mikrokulombu 210 kwa sentimita ya mraba, upate eneo la platinamu. Halafu mateso: pembetatu kati ya volti 1.0 na 1.5, milivolti 500 kwa sekunde, mizunguko 5,000, ukijaza naitrojeni. Kila mzunguko ni sekunde 2, kwa hiyo ni saa 2 na dakika 47. Hakikisha betri ya akiba inabeba potenshiostati (kifaa kinachodhibiti volti ya elektrodi) na kompyuta kwa saa 3, maana umeme ukikatika kwenye mzunguko wa 4,000 hujui elektrodi ilikaa volti gani, na sampuli hiyo ni ya kutupa.

Baada ya hapo angalia mambo mawili tofauti, usiyachanganye. Kwenye Vulcan utaona kibonge kinaota karibu na volti 0.6 na mkondo wa msingi kunenepa: ni oksijeni inayopanda kwenye kaboni. Kwenye almasi nzuri sehemu hiyo inabaki bapa na nyembamba. Kibonge kikiota kwenye almasi yako, kuna grafiti iliyobaki, rudi kwenye tanuri. Ikiwa sehemu hiyo ni bapa lakini eneo la platinamu limeshuka, kibebeo kimepona na tatizo ni platinamu yenyewe: imeyeyuka na kujijenga upya, au imeteleza na kushikana. Almasi haizuii platinamu kuyeyuka, hakuna kibebeo kinachozuia hilo.

Apio_Kla

Na nikiona eneo limeshuka asilimia 40 lakini mchoro ni bapa, nirudi kwenye hatua gani?

KemiaMbarara

Kwanza rudia jaribio kwa diski mpya, kati ya volti 0.6 na 1.0, milivolti 50 kwa sekunde. Huko kaboni haiguswi sana, platinamu ndiyo inayoumia. Ikishuka vile vile na huko, punguza msongamano: toka asilimia 5 uende 3. Ikishuka kwenye 1.0 hadi 1.5 peke yake, chembe zinabanduka. Chukua ile asidi uliyotumia, ipitishe kwenye kichungi cha mikromita 0.2, na uangalie kichungi. Vumbi jeusi juu yake ni platinamu na almasi vimetoka pamoja, na hapo Nafion ndiyo pungufu, panda toka 0.1 hadi 0.15. Kichungi kikiwa safi, ongeza saa 2 kwenye uchomaji wa 425 kabla ya kutia platinamu, na upime tena ukinzani kwenye jiliwa uone hujazidisha.